Kuunganisha Madaftari Yaliyo Mbali

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka



Kamati iliponiandikia kunitaka niseme machache juu ya kazi yangu, nilidhani wanataka habari za maendeleo ya kompyuta kwa jumla, hotuba ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuisikia mara nyingi na hakuna anayekumbuka neno lake hata moja. Nikaomba ruhusa niseme jambo moja tu, dogo, ambalo limekula sehemu kubwa ya miaka yangu katika utumishi wa Serikali: namna ya kuifanya hifadhidata moja isome na kuandika ndani ya hifadhidata nyingine iliyo mbali nayo, na namna ya kuitunza njia hiyo baada ya kuitengeneza. Kuitengeneza ni kazi ya dakika tano. Kuitunza ndiko kulikonishinda siku moja, na aliyeumia kwa kushindwa kwangu ameketi hapa ukumbini, safu ya tatu. Nitafika huko.

Wazee wenzangu wanaikumbuka bohari ya shule. Mtunza bohari alikuwa na daftari lake la sare, magodoro na majembe. Mhasibu alikuwa na daftari lake la ada. Ofisi ya Mwalimu wa Taaluma ilikuwa na daftari la majina. Mwanafunzi alipohama, jina lake lilifutwa katika daftari moja, likabaki katika mengine mawili, na mwisho wa muhula mtu ambaye yuko shule nyingine anadaiwa godoro. Kosa hilo halikuletwa na kompyuta. Kompyuta zimelirithi tu, na zinalifanya upesi zaidi.

Mwaka 1970 Mwingereza mmoja aitwaye Edgar Codd, aliyekuwa rubani wakati wa Vita Kuu ya Pili na kisha mtaalamu wa hisabati katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala ya kurasa 11 iliyogeuza kazi hii yote. Kabla yake, mwandishi wa programu alilazimika kuijua njia: fungua kabati hili, shika kadi hii, fuata uzi uliofungwa kutoka kadi hii mpaka ile. Uzi ukikatika, au kabati likihamishwa, programu inapotea. Codd akasema tuweke kila kitu katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na majedwali yahusiane kwa thamani zilizoandikwa ndani yake, si kwa nyuzi. Namba ya mwanafunzi iliyo katika jedwali la majina ndiyo hiyo hiyo iliyo katika jedwali la ada, basi inatosha. Wewe useme unataka nini, mashine itafute namna ya kukipata. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatunga lugha ya kuulizia, ambayo leo inaitwa SQL, na mwaka 1979 kampuni ambayo sasa inaitwa Oracle ikaanza kuuza hifadhidata ya namna hiyo. Codd mwenyewe alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Nawaomba vijana mshike neno lile la nyuzi. Kwa vile majedwali hayafungwi kwa nyuzi, hakuna kinacholazimisha yawe chumba kimoja. Jedwali la majina laweza kuwa Dodoma na la malipo likawa Dar es Salaam, na bado namba ile ile ikayaunganisha. Hapo ndipo habari ya viungo inapoanza.

Kiungo si waya. Watu wengi hudhani ni waya. Kiungo ni maandishi tu ndani ya hifadhidata moja, yenye mambo matatu: anwani ya hifadhidata ya pili, jina la mtumiaji wa kuingilia kule, na nywila yake. Katika Oracle, ambayo ndiyo niliyoizoea, unatoa amri moja, unakipa kiungo jina, tuseme «dodoma», na tangu hapo ukitaka jedwali la watumishi lililo kule unaandika watumishi@dodoma kana kwamba liko mezani pako. Seva za Microsoft zina utaratibu wao unaofanana na huo, na PostgreSQL, ambayo ni ya bure, imekuwa na njia nzuri ya kufanya hivyo tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013. Majina yanatofautiana, kazi ni moja.

Kiungo kinakwenda upande mmoja. Kile cha Dar es Salaam kwenda Dodoma hakimpi mtu wa Dodoma haki yoyote ya kusoma ya Dar es Salaam. Tena kiungo chaweza kuwa cha mtu mmoja au cha wote. Kikiwa cha wote, kila aliye ndani ya hifadhidata yako anaweza kupita mlango ule kwa kutumia nywila uliyoihifadhi wewe, hata kama yeye haijui. Fikirini ufunguo wa bohari uliotundikwa ukutani kwenye baraza. Nimekwenda kukagua ofisi nikakuta kiungo cha wote kinachoingia upande wa pili kwa jina la mkuu wa hifadhidata mwenyewe, yule awezaye kufuta kila kitu. Niliuliza kwa nini. Wakaniambia, «Kilikataa kwa jina lingine, na tulikuwa na haraka.»

Baada ya hapo unaweza kulipa lile jedwali la mbali jina la kupanga, liitwe «watumishi» tu, pasipo ile alama ya @. Karani anayeandika ripoti hajui tena kama liko humu ndani au liko mji mwingine. Vitabu vinasifu jambo hilo, na mimi nalisifu kwa nusu. Mtu asiyejua kwamba anachokishika kiko mbali hukishika kwa mikono ya mtu aliye karibu, na umbali una gharama yake.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili. Nilipoanza kazi, ofisi nyingi za mikoani ziliunganishwa kwa setilaiti. Setilaiti ya aina ile inakaa juu ya ikweta, kilomita zipatazo 36,000 kutoka hapa tuliposimama. Swali lako linapanda kilomita 36,000 na kushuka 36,000, na jibu linafanya vivyo hivyo: jumla kilomita 144,000. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi hata mashine zikiwa na haraka namna gani, safari moja ya swali na jibu inachukua karibu nusu sekunde, na hakuna waziri wala mkurugenzi anayeweza kuipunguza.

Nusu sekunde inaonekana kitu kidogo. Sasa chukueni mfano. Hapa nina orodha ya watu 300, kule mbali kuna jedwali la watu 400,000, na nataka taarifa za wale 300 tu. Programu iliyoandikwa vibaya inaleta jedwali zima huku ndipo ianze kuchagua. Kila mstari ukiwa na herufi 200, hizo ni herufi milioni 80, na kwa njia ya kilobiti 256 kwa sekunde, ambayo wakati ule ilikuwa njia ya kuonewa wivu, utangoja dakika zaidi ya 40. Programu nyingine inauliza mtu mmoja mmoja: mara 300 nusu sekunde, dakika mbili na nusu. Programu nzuri inapeleka yale majina 300 kule kwa mkupuo, kazi ya kulinganisha inafanyika kule kule kwenye jedwali kubwa, na yanarudi majibu 300 peke yake: sekunde tatu au nne. Swali ni lile lile na mashine ni zile zile. Kilichobadilika ni nani amesafiri kwenda kwa nani. Oracle huwa inajaribu kuamua yenyewe, lakini inakosea, na unaweza kuiambia kwa neno moja kwamba kazi hii iendeshwe upande ule. Ningalijua neno hilo mwaka wangu wa kwanza kazini, ningalilala nyumbani usiku mwingi.

Mkongo wa Seacom ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, na njia za nchi kavu zikafuata, watu wakasema umbali umekwisha. Haukwisha, ulipungua. Dar es Salaam na Dodoma ni kilomita 450 hivi kwa barabara. Ndani ya mkongo mwanga unakwenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni elfu nne na nusu za milioni moja ya sekunde, yaani milisekunde 4.5. Programu mbaya ya kuuliza mmoja mmoja ikafichika kwa muda, mpaka orodha ilipokuwa ya watu laki tatu badala ya mia tatu. Na nyaya zenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na siku zile nadhani kila mmoja wenu anazikumbuka. Mtu wa viungo hana budi kuandika programu yake akijua kwamba siku moja ataita na hakuna atakayeitika.

Kusoma ni rahisi. Shida kubwa iko katika kuandika pande mbili kwa wakati mmoja. Tuseme mtumishi amehamishwa: afutwe katika orodha ya kituo hiki, aandikwe katika orodha ya kituo kile. Yakifanyika yote mawili, vema. Yasipofanyika yote, si neno, tutajaribu tena kesho. Lakini likifanyika moja tu, basi mtu huyo ama yuko mahali pawili ama hayuko popote.

Utaratibu unaotumika hapa ni kama ule wa mshenga. Mshenga anakwenda kwa wazazi wa kijana, anauliza: mko tayari? Wanasema tuko tayari. Anakwenda kwa wazazi wa binti, anauliza vivyo hivyo. Yeyote akisema bado, habari inakufa hapo na hakuna aliyeaibika. Wote wakisema tayari, mshenga anarudi mara ya pili na neno la mwisho: fungeni ndoa. Awamu mbili. Sharti kubwa ni hili: ukishasema niko tayari huwezi kurudi nyuma mpaka usikie neno la pili. Binti hawezi kuposwa na mwingine.

Sasa mshenga azame mtoni kati ya awamu ya kwanza na ya pili. Pande zote mbili zimesema tayari, na kila upande umekaa unangoja. Mchele umeoshwa, mbuzi amefungwa, hakuna anayethubutu kuchinja wala kumfungua. Katika hifadhidata muamala wa namna hii unaitwa wa mashaka, na mistari iliyoguswa inabaki imefungwa, mtu mwingine akiigusa anakataliwa. Katika Oracle kuna mtumishi wa ndani ya mashine ambaye kazi yake ni kumtafuta mshenga tena na tena, na njia ikipona yeye humaliza shauri mwenyewe bila kumwamsha mtu. Lakini njia ikikatika siku tatu, na watu wamejaa dirishani, msimamizi ana mamlaka ya kuamua kwa nguvu: funga, au vunja. Akiamua kufunga huku na kule wameamua kuvunja, ametengeneza kwa mkono wake lile lile tulilolikimbia. Nimewahi kuamua hivyo mara mbili. Mara zote mbili nilipiga simu kwanza upande wa pili na kusomewa namba ya muamala, tarakimu kwa tarakimu, na mtu aliyeishika karatasi mkononi.

Sasa nisimulie lile nililoahidi. Nina ruhusa ya mwenyewe.

Nilikuwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na hifadhidata ya watumishi Dodoma, na hifadhidata ya malipo ya wastaafu Dar es Salaam. Mwaka 2017, wakati Serikali inahamia Dodoma na sisi wataalamu tukiishi ndani ya mabasi, niliagizwa kuziunganisha. Kila usiku saa nane ile ya Dar es Salaam ilipaswa kwenda Dodoma kupitia kiungo, kuchukua majina ya waliofikia siku yao ya kustaafu, na kuyaandika katika orodha ya malipo. Nilikuwa na haraka, kama wale niliowasema hapo nyuma. Kuomba jina la mtumiaji maalumu kwa ajili ya kiungo kulihitaji barua na saini tatu. Mimi nilikuwa tayari nina jina langu na nywila yangu upande wa Dodoma. Nikakitengeneza kiungo kwa jina langu. Kikafanya kazi usiku ule ule, na mkuu wangu akanipongeza mbele ya wenzangu.

Nikafanya na kosa la pili, ambalo ndilo baya zaidi. Nilifikiri: je, njia ikikatika usiku? Nisingependa kazi yote isimame. Basi nikaandika kwamba kiungo kikikataa, programu itumie orodha ya jana na iendelee. Haikupiga kelele. Iliandika mstari mmoja katika faili ambalo sikumwonyesha mtu.

Mwaka uliofuata nikahamishwa. Afisa aliyenipokea Dodoma alikuwa mtu makini. Alifanya kama kanuni inavyotaka, akafunga majina yote ya watu waliohama, na langu likiwamo. Alifanya haki kabisa, na usiku ule kiungo kikafa. Programu yangu ikatumia orodha ya jana. Kesho yake ikatumia orodha ya jana yake, ambayo ilikuwa ile ile. Ikawa hivyo usiku baada ya usiku, na asubuhi ripoti inasema kazi imekwisha salama.

Baada ya miezi miwili na siku kadhaa nikapigiwa simu na mwalimu aliyenifundisha hisabati katika darasa lile pale, la pili kutoka kwenye kisima.

«Shikamoo mwalimu.»

«Marahaba mwanangu. Hivi wewe bado uko kwenye zile kompyuta?»

«Bado niko, mwalimu.»

«Basi ziulize. Za mshahara zinasema nimestaafu. Za pensheni zinasema bado niko kazini. Mimi niko wapi?»

Mshahara wake ulisimama siku ile ile iliyopaswa, kwa sababu orodha ya mishahara ilikuwa Dodoma, nyumba moja na orodha ya watumishi. Habari ya kustaafu kwake haikuvuka kuja Dar es Salaam kwa sababu daraja lilikuwa ni mimi, na mimi nilikuwa nimeondoka. Alikuwa amesafiri kwa basi mara mbili kufuatilia. Dirishani walimwambia jina halipo, arudi kwa mwajiri. Kwa mwajiri wakamwambia barua imekwisha kutoka, arudi dirishani. Alikuwa ameuza ng'ombe mmoja kulipia ada ya mjukuu. Na hakuwa peke yake. Wote waliostaafu katika miezi ile walikuwa mahali hapo hapo, katikati. Yeye tu ndiye aliyekuwa na namba yangu ya simu.

Kazi ya kurekebisha ilichukua saa moja. Niliingia katika gari usiku ule, nikaenda kuandika maelezo kwa mkono wangu kwamba kosa ni langu na si la yule aliyefunga majina, maana tayari alikuwa ameandikiwa barua ya kujieleza. Malipo yao yalitoka pamoja na malimbikizo. Ng'ombe hakurudi.

Tangu hapo nina utaratibu ambao wenzangu wa ofisini wanauita ukorofi. Kiungo hakitengenezwi kwa jina la mtu. Kinapewa jina lake chenyewe, na jina hilo upande wa pili halioni jedwali zima, linaona dirisha lenye safu zile tu zinazohitajika: namba ya mtumishi, jina, tarehe ya kustaafu, kituo. Halioni ugonjwa wake, wala mkopo wake, wala mke wake ni nani. Zamani nilifanya hivyo kwa tahadhari tu. Sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayefungua mlango mpana kuliko haja yake ana la kujibu. Kila kiungo kina ukurasa katika daftari, daftari la karatasi, ndiyo, mnaweza kucheka: kinatoka wapi, kinakwenda wapi, kwa kazi gani, nani aliomba, nani apigiwe simu kikikatika. Mtu akihama, kabla ya kufunga jina lake, ukurasa unafunguliwa. Na kiungo kikikataa, kazi ya usiku inasimama kwa kelele, na ujumbe unakwenda kwenye simu za watu wawili. Afadhali niamshwe saa nane.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka nilipoliona kwa macho. Mtu huchukua nakala ya hifadhidata nzima ya kazi ili vijana wajifunzie. Wazo zuri. Lakini nakala inabeba kila kitu, pamoja na viungo na nywila zao. Kijana yuko katika hifadhidata ya mazoezi, anafuta kwa amani majina ya majaribio, na amri yake inapita katika kiungo kilichorithiwa mpaka kwenye orodha hai ya ofisi nyingine. Kwa hiyo nakala ikizaliwa, jambo la kwanza ni kufuta viungo vyake vyote kabla mtu hajaingia. Oracle ina kanuni unayoweza kuiwasha, inayodai jina la kiungo lilingane na jina kamili la hifadhidata iendayo. Wengi huizima kwa sababu inawasumbua. Mimi huiwasha kwa sababu hiyo hiyo.

Na viungo hubeba hata maradhi. Kila hifadhidata ya Oracle ina hesabu yake ya ndani inayopanda kila muamala unapofungwa, na kuna kikomo inachoruhusiwa kufikia, ambacho miaka ile kilikuwa kikipigwa kwa kiasi cha 16,384 kwa kila sekunde tangu tarehe 1 Januari 1988. Hifadhidata mbili zikizungumza kupitia kiungo, yenye hesabu ndogo inarukia hesabu ya mwenzake. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba hitilafu katika njia mojawapo ya kuchukua nakala za akiba ilikuwa inaipandisha hesabu hiyo ovyo, na hifadhidata nzima kabisa, ambayo haikufanya kosa lolote, ikaambukizwa kwa sababu ya jirani aliyeunganishwa nayo. Oracle walitoa dawa mwaka ule ule. Sisi tulitumia wiki nzima kutafuta jirani zetu ni akina nani, na hapo ndipo nilipoanza kulitamani lile daftari, ingawa nilikuwa sijawa na akili ya kulinunua.

Labda mtauliza, kwa nini basi tusiunganishe kila ofisi na kila ofisi? Hesabuni. Ofisi 10 zina jozi 45. Na kwa kuwa kiungo kinakwenda upande mmoja, ni viungo 90, nywila 90, kurasa 90. Nchi ya Estonia iliamua mapema, mwaka 2001, kujenga barabara moja ya pamoja iitwayo X-Road, ambamo kila ofisi inabaki na madaftari yake nyumbani, na anayetaka habari anapeleka ombi lililotiwa sahihi na kuandikwa katika kumbukumbu. Sisi nasi tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na njia ya pamoja ya mifumo ya Serikali kubadilishana taarifa. Kwa ofisi zisizo chini ya mkuu mmoja mimi naona hiyo ndiyo njia, na viungo vya moja kwa moja vibaki ndani ya ofisi moja, kati ya mashine ambazo watu wake wanajuana kwa majina. Wako wenzangu watakaobisha, na wawili kati yao nawaona wanatikisa kichwa kule nyuma. Tutaonana wakati wa chai.

Vijana wa mchepuo wa sayansi, neno langu la mwisho ni lenu. Maabara yenu ina kompyuta kadhaa na nimeomba mbili. Nimeziwekea PostgreSQL, na katika kila moja kuna jedwali moja: ya kwanza ina akaunti ya duka la shule, ya pili ina akaunti ya bohari. Kuna mpangilio mmoja wa miamala ya kungoja ambao kwa kawaida huwa sifuri. Nimeupandisha mpaka kumi, msiurudishe. Mtahamisha magodoro matano kutoka huku kwenda kule. Fanyeni awamu ya kwanza pande zote mbili, mashine zote ziseme ziko tayari, kisha mmoja wenu achomoe waya. Mjaribu kubadilisha mistari ile muone mtajibiwa nini. Halafu mwamue, huku mmekaa vyumba viwili tofauti bila kupigiana kelele dirishani, kama ni kufunga au kuvunja. Mwalimu wangu wa hisabati amekubali kusimamia, na mimi nitakuwapo mpaka saa kumi, basi langu linaondoka saa kumi na moja. Mwenye maabara naomba asizime umeme.